Mstari Mweusi wa Kona ya Tangi

4 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Najua kwenye simu unanisikia kama nyuki ndani ya debe, ndiyo maana nimekaa chini na kalamu. Huku sote wazima. Binti yako Kifungo ameshashona viti kumi na vinne, na mshono wake umenyooka kuliko wa fundi aliyemfundisha.

Nakuandikia kwa jambo la kazi. Ile simuleta tunayotengeneza hapa karakana, ile ambayo mtu anakaa kwenye kiti, anashika usukani na kuona njia ya mbio kwenye skrini tatu kama vile yuko ndani ya gari, imekwisha. Uwanja wenu umeingia wote, hadi yale matairi uliyoyapaka rangi nyeupe kwa mkono wako. Watu wetu walipokuja kwenu Novemba na gari la vipimo walipima kila kona: umbo lake, mteremko wake, na jinsi lami inavyoshika tairi.

Wiki iliyopita alikuja dereva mmoja mstaafu kuijaribu. Kila kona anatikisa kichwa kwa kuridhika, mpaka kona ya saba, mnayoiita Kona ya Tangi. Hapo akasimamisha. Akasema, "Hapa siyo. Hapa ni pengine." Tukamuuliza kimekosekana nini, akasema hawezi kueleza, makalio yake yanakataa tu.

Wahandisi walicheka. Mimi sikucheka. Kwenye mashine, kona ile ukipita ndani au nje mshiko ni uleule, na mwenye kasi kuliko wote ni anayepita nje kabisa. Wewe umeifagia miaka ishirini na miwili. Ndivyo ilivyo? Na kabla ya watu wetu kuja kupima, kulitokea chochote pale?

Mdogo wako

*

11 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imenikuta namshukuru Mungu kwa mvua iliyokatika, maana siku ya mvua kazi yangu ni kusukuma maji yanayorudi yalikotoka.

Makalio ya huyo mzee yana elimu, msimcheke. Ngoja nikueleze kwa lugha yangu, wewe uwatafsirie hao wasomi wako.

Gari likipinda kwa kasi, tairi linaacha ngozi yake barabarani. Gari la pili linaacha juu ya hiyo. Baada ya siku chache kuna mstari mweusi, upana wa mkeka, na juu ya mstari huo tairi linanata, maana mpira unaushika mpira mwenzake. Lakini si mpira wote unaobaki pale. Mwingine unakatika vipande vidogo, sisi tunaviita chenga, vinarushwa pembeni. Ukizikanyaga kwa kiatu ni kama umekanyaga mtama juu ya saruji. Kona ya Tangi imeinama kidogo kwa nje, basi chenga zote zinakimbilia huko. Nafagia gunia zima asubuhi, magari yakizunguka mara kumi zimerudi kama hazijawahi kufagiwa. Kwa macho, nje panavutia, ni peupe na papana. Anayepajua hapiti.

Kuhusu swali lako la mwisho, siku ile njia ilikuwa katika hali yake nzuri, hata wageni walisifu.

Nisalimie Kifungo. Mwambie babake anafurahi alivyotulia na cherehani. Unajua neno langu, kwamba hakuna wa nyumbani kwangu atakayeingia kwenye yale magari. Yule kijana wa gari la kijani nilimtoa mimi kwa mikono hii, na mpaka leo hatembei. Kila ninapomaliza swala namtaja.

Kakako

*

18 Februari

Kaka,

Shikamoo. Nimewasomea barua yako wahandisi kwenye kikao. Walisikiliza kwa adabu, halafu mkubwa wao akafungua vipimo. Vipimo vya Kona ya Tangi vinaonyesha mshiko sawa kutoka ukingo hadi ukingo. Hakuna mstari, hakuna chenga. Kona nyingine zote mstari upo, na mashine inauonyesha. Akaniuliza, "Je, kakako amesema kuna kitu kilibadilika siku ile?" Nikajibu umesema njia ilikuwa katika hali yake. Akafunga daftari. Basi imebaki hivyohivyo.

Kuna jipya pia. Tarehe 14 Machi, Jumamosi, tunakuja uwanjani kwenu. Timu moja ya mbio inatafuta dereva mmoja na imewaita wanne wajaribiwe. Watatu wamekuwa wakiendesha hapo kwenu msimu mzima. Wa nne ni dereva wetu wa majaribio, msichana ambaye hajawahi kukanyaga uwanja wowote, amejifunza yote kwenye simuleta. Bosi wetu ameualika umati wa wageni ili aseme, mnamuona huyu, mwalimu wake ni mashine.

Ana kasi, kaka. Na kona anayowashindia wote ni hiyohiyo ya Tangi, anapita nje.

Mdogo wako

*

25 Februari

Mdogo wangu,

Barua hii nimeianza mara tatu. Siku hizi hata nikisimama kuswali sijui niko rakaa ya pili au ya tatu. Nakaa, nainuka, nazunguka lile gari la maji ninaloliendesha kana kwamba nimeangusha kitu chini yake. Ni kwa sababu nimekuficha jambo.

Siku mbili kabla ya watu wenu kuja kupima, mkuu wa uwanja alituambia wageni watapigwa picha Kona ya Tangi, kwa kuwa jina la uwanja limeandikwa kwenye lile tangi. Nikaenda kupatazama. Mistari myeusi kama sakafu ya gereji, chenga zimejaa ukingoni. Nikaona aibu. Wewe ungemfungulia mgeni mlango na sakafu haijafagiwa? Na wageni wenyewe wametumwa na mdogo wangu. Nikachukua mashine ya maji ya presha, brashi ya waya na dawa ya kutoa mafuta, nikaisugua kona nzima, asubuhi hadi alasiri, siku mbili. Lami ikawa ya kijivu kama siku iliyomwagwa. Mkuu akanishika bega mbele ya wageni. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kunishika bega.

Watu wenu walipima sakafu yangu, hawakupima njia. Kona iliyomo ndani ya mashine yenu iliishi siku nne tu, halafu magari yakaipaka tena kama kawaida.

Uliponiuliza nikaandika kwamba njia ilikuwa katika hali yake nzuri. Maneno hayo si ya uongo, na huo ndio ubaya wake. Niliyapanga. Mtu wa umri wangu, mwenye alama ya sijida kwenye paji la uso, nikakaa na kuyapanga ili mkono ule usiondoke begani.

Sasa tafadhali. Mwambie huyo binti wa watu asipite nje. Akifika pale kwa kasi aliyoizoea, gari halitamwonya. Litaachia nyuma mara moja, yaani tairi za nyuma zitateleza, na nje ya kona ile kuna kokoto hatua kumi tu kabla ya ukuta wa matairi. Mwambie leo, usingoje kesho. Ana wazazi wake.

Kakako

*

3 Machi

Kaka,

Huyo binti wa watu ni Kifungo.

Nimeandika nikakata, nimeona hakuna namna nyingine ya kulisema. Alianza kwa kukaa kwenye viti alivyovishona mwenyewe, eti anajaribu kama mshono unakwaruza mgongo. Akawasha mashine. Mchana wa kwanza aliwapita wanaume wawili. Aliniomba nisikuambie, na mimi nikakubali, kwa sababu nilijua ungekuja kumchukua kwa basi la asubuhi. Nilitaka akuambie mwenyewe akiwa ameshashinda. Nimekukosea. Na wewe umenikosea pia, na sijui nimkasirikie nani kwanza, maana nilipoomba ukweli ulinipa maneno yaliyopigwa pasi.

Bosi nimemwambia. Anasema hawezi kubadili mashine siku kumi kabla ya wageni, na kwamba maneno ya mfagiaji si kipimo. Ananyamaza, na mimi nalipwa kwa kunyamaza naye.

Kifungo nimemsomea barua yako yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Shangazi, umemwambia Baba." Nikamwapia sijakuambia. Akasema, "Basi hilo neno binti wa watu mmelipanga pamoja." Hajaamini hata mstari mmoja. Ana miaka ishirini na mitatu, siwezi kumfungia mlango. Mwandikie wewe.

Mdogo wako

*

7 Machi

Mwanangu Kifungo,

Nilikupa jina hilo ulipomeza kifungo cha shati langu, tukangoja siku mbili kiteremke. Siku mbili zile sikukaa chini. Siku hizi ni kama zile.

Nina hasira na sitaificha. Lakini sikuandikii urudi. Shangazi yako anasema una mkono, na yeye si mtu wa kusifu.

Nikuambie jambo ambalo sijamwambia yeyote. Jana nilikuwa pale konani na mashine ya maji, nimeshaunga mpira bombani nijaribu presha. Nilifikiri, nikiisugua tena Alhamisi na Ijumaa, Jumamosi kona itakuwa kama ile iliyomo kwenye mashine yako. Utapita nje na gari litakushika, na hakuna atakayejua. Mkono ulikuwa kwenye bomba, mwanangu. Halafu nikawakumbuka wale watatu. Wao miguu yao imejifunza kwenye mstari mweusi. Nikiuondoa, watakaoanguka ni wao, na kila mmoja wao ana baba yake mahali. Nikaukunja mpira. Namuomba Mungu anisamehe kwa muda niliochukua kuukunja.

Kwa hiyo kona itakuwa ilivyo. Ikiwa huniamini, usiniamini, lakini mzunguko wa kwanza legeza mguu kwenye mafuta ufikapo tangi. Uhisi tu. Hilo moja.

Baba yako

*

10 Machi

Baba,

Shikamoo.

Kona ile nimeipita mara mia sita na arobaini. Najua usukani unavyozidi uzito ukikaribia tangi, najua pa kuachia breki, najua gari linavyotulia huku nje. Mikono yangu inajua kabla yangu.

Ungetaja kona nyingine yoyote ningeamini. Lakini ni kona ileile ninayowashindia wote, na anayesema ni wewe, na ni majuma mawili kabla ya siku. Ukiniambia kuna chenga, mimi nasikia rudi kwenye cherehani. Tangu nikiwa mdogo nikisogea kwenye uzio unaniambia kuna kokoto, kuna moto, kuna yule kijana wa gari la kijani. Na wewe, Baba, hujawahi kuendesha hata mzunguko mmoja. Gari la maji linapitwa na mtu anayekimbia.

Kuhusu kuosha, ahsante kwa kutoosha. Ningechukia kushinda kwa brashi yako.

Jumamosi ukiniona usinipungie mkono. Wenzangu watacheka.

Kifungo

*

16 Machi

Kaka,

Shikamoo. Basi la wageni liliondoka kabla sijashuka kukuona, samahani. Nilikuwa kule juu kwenye kibanda cha vioo. Bosi alikuwa katikati ya sentensi, anasema mashine imemfundisha kila kitu, gari la Kifungo lilipoteleza na kuzunguka pale tangini. Vumbi likafunika. Wageni wakasimama. Mimi nilijikuta nimeshasema, kwa sauti niliyodhani ni ya chini, kwamba kona ile tumeikosea na tulijua. Haikuwa ya chini.

Leo nimehamishiwa stoo. Nahesabu skrubu. Usinihurumie, nalala vizuri kuliko mwezi mzima uliopita. Mwakani watakuja kupima upya, na safari hii amepewa kazi mtu atakayezungumza na nyinyi kwanza.

Kifungo amekuwa wa tatu kati ya wanne, nafasi amepewa mmoja wa wale watatu, yule wa helmeti nyekundu, hayo unayajua. Lakini vumbi lilipotua niliwaona nyinyi wawili, wewe umeinama kwenye gari muda mrefu. Nimemuuliza mlisema nini, akajibu, "Muulize Baba." Basi nakuuliza.

Mdogo wako

*

20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole kwa skrubu. Nimeisoma sehemu hiyo ya kibandani mara nyingi. Ulitangulia kusema hadharani lile ambalo kaka yako mkubwa alikuwa akilizunguka.

Nianzie Ijumaa. Baada ya swala nilikwenda ofisini kwa mkuu wa uwanja nikamweleza kuhusu kuosha. Alicheka, akasema, "Mzee, yaani kosa lako ni usafi?" Nilipomwambia nani atakayepita pale kesho yake, aliacha kucheka. Akanipa dakika kumi za Jumamosi asubuhi, niwatembeze wote wanne kwa miguu konani. Nilimwambia wote, asiwe mmoja.

Basi nikawatembeza. Yule wa helmeti nyekundu akaniambia, "Mzee, haya sisi tunayajua, umetuamshia nini?" Nikamwambia, "Nawakumbusha, jua lenyewe bado dogo." Wakacheka, wakainama, wakapapasa. Kifungo alisimama nyuma yao mikono kifuani, vile mama yake anavyosimama akishaamua. Hakuinama. Sikumwita.

Kila mmoja alikuwa na mizunguko mitano peke yake. Ilipofika zamu ya Kifungo, mzunguko wa kwanza aliulegeza mguu, nikaona, nikamshukuru Mungu. Mzunguko wa pili akaja kwa kasi yake yote, nje kabisa, na gari likaachia nyuma kama nilivyokuandikia. Nilitamani sana kuwa mwongo. Likazunguka mara mbili, likaingia kwenye kokoto, likasimama karibu na ukuta kiasi kwamba katikati pangepita ufagio tu.

Mimi ndiye niliyekuwa na zamu ya kona ile. Nikakimbia. Miaka yote hii nimekimbilia magari, lakini siku ile njia ilikuwa ndefu kupita kiasi. Mrefu, yule mwenzangu wa gari la kuvuta, alikuwa nyuma yangu na kamba.

Nikamuuliza, "Umeumia?"

Alifungua kioo cha helmeti, akanisogezea mdomo sikioni, maana anajua masikio yangu. "Sijaumia. Baba, umesimama mbele ya tairi."

Nikasogea. Halafu akavua glavu, akaushusha mkono nje, maana magari yale yako chini kiasi kwamba mkono unafika ardhini. Akazoa. Ilikuwa kokoto, na ndani ya kokoto zilikuwa zile chenga, nyeusi, zimejikunja kama majani ya chai. Akazisugua kwa kidole gumba. Alizitazama kwa muda mrefu. Ndipo hapo mlipotuona.

"Kwenye mashine hazipo hizi," akasema.

"Niliziosha mimi."

"Kumbe ulikuwa unasema kweli."

"Kweli iliyochelewa."

Akazimwaga, akapangusa mkono gotini. "Nimebakiza mizunguko mitatu," akasema. "Unanipa ishara gani?"

Hapa lazima nikueleze, maana kule juu msingejua. Mfanyakazi wa kwanza kufika kwenye gari ndiye anayeamua. Akivuka mikono juu ya kichwa, gari linafungwa kamba, siku ya dereva imekwisha, na hakuna wa kumuuliza kwa nini. Akiinua mkono mmoja, dereva anaendelea. Mdogo wangu, miaka mingapi nimeomba mtoto huyu asikae ndani ya gari lile. Na sasa dua yangu yote ilikuwa imeletwa kwenye mikono yangu miwili, nivuke tu. Kila mtu angesema mzee amefanya kazi yake. Hata yeye asingeweza kulalamika, gari lilikuwa na kokoto hadi kwenye radieta.

Mrefu akapiga kelele, "Mzee, nifunge?"

Nililizunguka gari. Nilipiga teke tairi moja moja, nikachungulia chini, nikatafuta kitu kilichovunjika. Nilitafuta kwa bidii, Mungu ananiona. Hakikuwepo. Gari lilikuwa zima na dereva wake alikuwa mzima.

Nikarudi kwake. Nikamwambia, "Tairi za kushoto ziwe juu ya weusi. Nje patakuita, kwa sababu ni papana na mikono yako inapajua. Usiisikilize mikono yako mpaka izoee."

"Ni upana gani huo weusi?"

"Kama mkeka."

"Mkeka upi? Wa sebuleni au ule wako wa kuswalia?"

"Wa kuswalia."

Akafikiri kidogo, akavaa glavu. "Ni mwembamba," akasema, na akafunga kioo.

Nikamwambia Mrefu aweke kamba chini aje tusukume. Niliinua mkono mmoja, juu kabisa, ili wasimamizi waliokuwa mnarani waone. Kisha nikaweka bega nyuma ya gari la mwanangu, na nikasukuma mpaka tairi zikagusa lami.

Kakako